P Iliyonitoroka Uwanjani

Jumamosi, Agosti 1996

Mimi nilisema pasi! Hapa kwenye karatasi p yangu imesimama vizuri kabisa. Uwanjani ndiko hugeuka b kinywani mwangu.

Mwalimu Mutua, mgeni wetu kutoka Kitui, alikuwa na mpira karibu na goli la wapinzani wetu, Bura. Nikamwona mshambuliaji wetu Abdi yuko peke yake, nikapaza sauti: "Basi! Basi!" Mwalimu akasimama, akidhani filimbi imelia. Bura wakakimbia na mpira, wakafunga.

"Mzee, si uliniambia basi?" Mwalimu akaniuliza.

"Wallahi nilisema basi, si basi!"

Marudiano ni wiki ijayo, na nahofia vijana watanifukuza pale kivulini ninaposhangilia kando ya uwanja. Jioni nikamwomba mke wangu neno lingine la kushangilia, lisilo na p.

"Nyamaza," akasema.