Guo la Wanafunzi wa Mama Nyuzi

Mama, mwaka umezunguka tangu vidole vyako vitulie. Nyumba bado imejaa wewe. Juzi mzee wako alikalia sindano yako ya kufumia kwenye kochi, akaruka kama kijana, akacheka mpaka machozi ya kicheko yakageuka ya kweli.

Uliajiriwa kufundisha hesabu, lakini mtaa mzima ulikuita Mama Nyuzi. Masomo yakiisha, wanafunzi walibaki darasani na madonge yao ya uzi, nawe ukipita kati ya madawati: "Legeza mkono, mwanangu. Uzi hauna ugomvi na wewe." Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo huu alipokewa na soksi zako. Zikipwaya, ulisema, "Miguu itazifuata." Mkweo alivaa sweta lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na ole wake aliyemcheka mbele yako.

Hayo tunayasema kwa fahari. Lililobaki tunalisema macho yakiwa chini.

Siku ya mazishi yako, kifungua mimba wako ndiye aliyeshika kila kitu: msiba kichwani, na wakubwa wake wa kazini wako njiani. Asubuhi wanafunzi wako wakafika mlangoni wamebeba guo la kufunika jeneza. Walilifuma ulipokuwa hospitalini, kila mmoja kipande chake, kisha wakaviunganisha: chungwa kando ya zambarau, kijani kando ya waridi, rangi yoyote aliyokuwa nayo mtu.

Alilitazama guo, akalitazama jeneza, akawawaza wale wakubwa.

"Ahsanteni, wanangu," alisema. "Ila leo tuna wageni. Tumeshanunua kitambaa cheupe. Hili liwekeni pembeni kwanza."

Wakalikunja. Wakasimama nyuma kabisa, wamelikumbatia, hadi watu walipotawanyika. Sote tuliona, Mama, na sote tulikaa kimya kama tuliomwagiwa maji. Kwa hiyo tusimtwishe yeye peke yake. Aibu hii ni ya nyumba nzima.

Neno lile "pembeni" halikumtoka kichwani. Akawa hapiti tena barabara ya shuleni, heri azunguke. Mwezi uliopita akajikaza, akaenda. Alimkuta binti mrefu, kiranja wao, akiwaelekeza wadogo zake namna ya kushika sindano.

"Nimekuja kuwaomba radhi," alisema. "Na kama hamtajali, kuliomba lile guo. Tumtandikie Mama kaburini siku ya kumbukumbu."

Binti akawaangalia wenzake. "Halipo, shangazi. Tulilifumua."

"Mlilifumua?"

"Tukafuma kofia za vichanga, tukazipeleka wodi ya wazazi. Mwalimu alitufundisha kazi iliyokosewa hufumuliwa, lakini uzi hautupwi."

"Jamani, ile kazi haikukosewa!"

"Sisi tulidhani imekosewa," binti alijibu taratibu, wala hakuwa na kinyongo.

Akaketi kwenye dawati la mtoto, uso viganjani. Na wanafunzi wako, kwa adabu uliyowalea nayo, wakainamia nyuzi zao ili wasimtazame mtu mzima akilia.

Aliporudi alituita wote sebuleni, akatusimulia bila kujipunguzia hata neno moja. Tulikubaliana kwamba radhi ya faraghani haitoshi kwa watoto waliofedheheshwa hadharani.

Ndiyo maana tumeomba nafasi hii gazetini, Mama. Wasome wote, na wa kwanza wawe wanafunzi wako: guo lenu halikukosewa. Mlilifuma vizuri, na lilimstahili mwalimu wenu. Tuliokosea ni sisi.

Unakumbukwa na mzee wako, kifungua mimba wako, wadogo zake, wakweo, wajukuu zako, na watoto wa watu uliowapenda kama wa tumboni mwako. Tutakukumbuka siku zote, hata pale kukukumbuka kunapotuinamisha uso.