Zamu ya Wambui Kuandika

Jumatatu, 2 Machi

Funga ya kumi na mbili. Mihadhara mitatu mfululizo, mdomo mkavu. Fizikia ya kwanta saa mbili asubuhi, na mwalimu anaongea na ubao, sisi hatupo. Nimeandika kurasa nne. Nimeelewa moja na nusu.

Wambui ameniomba nimwekee sahihi Jumatano kwenye karatasi ya mahudhurio ya maabara. Kaka yake alizolewa kwenye msako wa polisi huko mtaani kwao, Pipeline, wiki iliyopita, na Jumatano anasomewa mashtaka mahakamani Makadara. Mama yao kiwandani hapewi ruhusa. Ni lazima mtu wa kwao awepo. Nimemwambia aende, mimi nipo. Ameshakosa maabara mbili kwa malaria. Ukikosa ya tatu unarudia somo zima. Tangu mwaka wa kwanza tunafanya maabara pamoja, mimi na yeye, na mimi nimewekewa sahihi zaidi yake.

Nimerudi Makongeni saa kumi. Mama bado yuko dukani Isilii na majora yake ya vitambaa. Nimemenya viazi vya futari huku nasoma. Nimejikata kidole. Bure kabisa.

Jumatano, 4 Machi

Siku ya hovyo.

Jaribio la kobalti. Kipande kidogo kinachotoa miale, kimefungiwa kwenye kasha la madini ya risasi. Unakiweka mbele ya mashine ya kuhesabu miale, unakisogeza nyuma kidogo kidogo, unaandika mashine imehesabu mara ngapi kwa dakika. Basi. Lakini mashine nzima ni moja, makundi ni tisa, na sisi tulikuwa wa mwisho. Zamu yetu ilipofika, saa nane na nusu, stima ikapotea.

Mzee Mutiso, fundi wa maabara, akasema ningoje. Nikangoja. Saa tisa na dakika kumi stima ikarudi. Maabara hufungwa saa kumi na moja. Mzee alikuwa ameenda kuangalia swichi huko chini. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Niandike ukweli hapa angalau. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na njaa na hasira, na sikutaka kukaa pale peke yangu nikitazama saa.

Nyumbani nikafungua buku la Faraj, jirani yetu aliyesomea idara hii hii zamani, sasa ni mwalimu wa sekondari. Kila mtu darasani ana buku la mzee wake, yaani mwanafunzi aliyemtangulia. Pendula ya Faraj ndiyo pendula yetu. Lenzi ni zile zile, hata mikwaruzo ni ile ile. Mwaka jana nilinakili kwake mara mbili, hakuna aliyegutuka. Leo nimechukua namba zake za kobalti, nikazichezea mkiani ili zisifanane sana. Sentimita kumi: elfu moja thelathini na saba kwa dakika. Grafu imenyooka vizuri mno.

Katika kundi mmoja husoma mashine, mwingine huandika. Tunapokezana kila wiki. Mwandishi ndiye anayetia sahihi chini ya namba, na ndiye anayezijibia. Wiki hii ilikuwa zamu ya Wambui. Kwa hivyo nimeandika jina lake na kumtilia sahihi hapo pia, kama kwenye mahudhurio. Sahihi yake naijua kama yangu.

Nimefunga tumbo tu leo. Mdomo na mkono havikufunga.

Ijumaa, 6 Machi

Wambui amekuja, macho yamevimba. Kaka yake amerudishwa rumande. Wambui alijaribu kumpungia mkono, askari akasimama katikati. Akaniuliza maabara ilikuwaje, alisikia stima ilipotea. Nikamwambia ilirudi. Kweli ilirudi.

Akatazama grafu. Akasema, "Aki Rukia, wewe ni mtu wa maana." Nikamwambia aache hizo. Tukaipeleka ripoti.

Jumanne, 10 Machi



Daktari Nafula, anayetufundisha fizikia ya nyuklia, amerudisha ripoti zote isipokuwa yetu. Kisha akaandika ubaoni namba za makundi yote kwa sentimita kumi. 412. 405. 418. Hivyo hivyo, nane. Ya tisa akaiandika pembeni, peke yake: 1,037. Hakutaja kundi. Hakupaza sauti. Mimi namwogopa zaidi akiwa hivyo.

Akasema namba hiyo si ya uongo. Kobalti ile iliwahi kutoa namba hiyo, miaka saba iliyopita hivi. Kobalti hupungua nusu kila miaka mitano na kitu. Pendula haizeeki, akasema, lakini hii inazeeka, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anatakiwa kulijua hilo hata akiwa usingizini.

Nusu-uhai. Nilifundishwa mwaka wa pili. Nilipata A.

Darasa likacheka. Wambui naye akacheka, halafu akaacha. Akanigeukia polepole. Nikatazama dawati.

Nje, nyuma ya maktaba, nikamwambia yote. Nilitamani anipige. Hakunipiga. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro akafikiri kwa sauti, kama tunavyofanya tukikwama kwenye swali. Akisema hakuwepo, maabara ya tatu imekwenda, na sahihi ya mahudhurio ni ya kughushi. Kwa hilo tunaondoka wote wawili. Nikasema tudai mashine ilikosea. Akainuka akachukua mkoba wake.

Tumeitwa mbele ya kamati Alhamisi.

Alhamisi, 12 Machi

Nitaandika haraka kabla sijaanza kujipamba.

Chumba cha mikutano cha idara. Daktari Nafula, mkuu wa idara, na mwalimu mwingine nisiyemjua ambaye hakuinua macho kwenye makaratasi. Ripoti yetu mezani. Daktari akauliza nani aliandika namba hizi.

Karatasi inasema Wambui. Nilijua nilichotakiwa kusema. Nilikuwa nimekipanga kichwani tangu asubuhi, maneno sita tu.  Nikasema moyoni, ngoja kidogo, sasa hivi nitasema.

Wambui akasema, "Ni mimi niliyeziandika."

Daktari akanigeukia mimi. "Rukia, ndivyo ilivyokuwa?"

Nikasema, "Ndiyo, Daktari."

Basi. Yeye amesimamishwa masomo mwaka mmoja. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa sababu msomaji wa mashine alipaswa kugundua. Mkuu wa idara akaniambia nichague marafiki vizuri. Nikamshukuru. Nilimshukuru, jamani.

Kwenye ngazi Wambui alitembea mbele yangu. Nikamwita. Hakusimama.

Jumamosi, 14 Machi

Mama hajui. Anawaambia wateja binti yake anasomea mambo ya atomu. Leo nilikuwa dukani nikimsaidia kupima vitambaa, nikamsikia tena. Mama mmoja akasema mashallah. Nikaenda nyuma ya majora nikajifanya natafuta mkasi.

Nasali kwa mazoea tu. Nikifika kwenye dua nanyamaza.

Mimi ni mwoga. Sikuwahi kulijua hilo. Nilidhani mimi ni mkali.

Jumatatu, 16 Machi

Mzee Mutiso kaniita nirudie jaribio. Nimefanya peke yangu, nikisoma na kuandika mwenyewe. Sentimita kumi: 409. Jaribio lote limechukua nusu saa.

Nusu saa ndiyo iliyonishinda siku ile.

Mzee akauliza yule mwenzangu mpole yuko wapi. Nikamwambia hayupo. Akasema siku ile stima iliporudi alirudi akanikuta nimeshaondoka, akadhani tumekata tamaa. Kumbe anajua kwamba hatukupima kitu. Akaenda kufunga kabati.

Alhamisi, 19 Machi

Simu wakati wa chakula cha mchana. Mama Wambui. Sauti ya mashine za kiwanda nyuma yake.

"Rukia mwanangu, mbona Wambui haendi shule? Ananiambia mmefunga. Ni kweli mmefunga?"

Nikasema ndiyo, mama, tumefunga kidogo.

Akashukuru. Akasema sasa moyo umetulia, maana alikuwa anaona mtoto halali wala hali vizuri, akafikiri ni mambo ya kaka yake. Akanitakia Idi njema. Mkristo wa watu, anakumbuka Idi yangu.

Nimekaa chooni mpaka kipindi cha pili kikaisha.

Jumapili, 22 Machi

Idi imepita. Nimekula, nimevaa nguo mpya, nimetabasamu kwenye picha. Leo mchana Mama alikuwa anaosha masufuria na mimi nafuta. Likanitoka tu. Nilianzia kwenye stima nikafika kwenye simu ya mama Wambui. Sikuruka kitu.

Mama alifunga mfereji. Akakausha mikono kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo mtoto wa watu yuko nyumbani kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Na wewe umekula biriani yangu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akasema kesho nitakwenda kusema nilichofanya, na kama ni kufukuzwa nifukuzwe, duka lipo. Nikamwambia naogopa. Akasema anaona.

Jumatatu, 23 Machi

Nimesema.

Nilimkuta Daktari Nafula anasahihisha. Nikakataa kiti. Nilizungumza nikitazama dirisha: kwamba Wambui alikuwa mahakamani Makadara, kwamba sahihi zote mbili ni zangu, kwamba namba nilizitoa kwenye buku. Jina la Faraj sikulitaja, na hakuniuliza.

Aliweka kalamu chini. Akauliza kwa nini sikusema mbele ya kamati. Nikasema niliogopa. Akauliza naogopa nini zaidi sasa kuliko wakati ule.  

Akanieleza bila kupamba maneno. Kughushi sahihi ni kosa zito kuliko kupika namba. Kesi ya Wambui itaangaliwa upya, lakini naye aliidanganya kamati, na hakuwepo maabara. Akanipa karatasi, akaniambia niandike yote kwa mkono wangu. Nimeandika kurasa mbili na nusu. Niliposoma tena niliona neno "nilidhani" mara nyingi mno. Nikalikata kila mahali.

Jumapili, 29 Machi

Hakuna jibu. Nahudhuria masomo kama mzimu. Habari imeenea darasani, sijui kupitia nani. Watu wanaficha mabuku yao ya wazee ninapopita. Wanafiki. Na mimi mkubwa wao.

Nimempigia Wambui mara tatu. Hapokei.

Jumanne, 7 Aprili

Barua.

Mimi: miaka miwili nje. Nikirudi nitaanza mwaka wa tatu upya.

Wambui: adhabu imepunguzwa kutoka mwaka mmoja hadi muhula mmoja. Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikaenda kwa karani wa idara kuuliza, akanionyesha kalenda. Siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa muhula ujao ilikuwa wiki iliyopita. Masomo haya yanafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Wambui atakaa nyumbani mpaka mwakani vilevile. Kama ningesema tarehe kumi na mbili, angekosa somo moja. Ukweli wangu umekuja na karatasi nzuri isiyo na kazi.

Nilimwomba karani aangalie tena. Akaangalia, maskini, kwa heshima. Ni hivyo hivyo.

Mama amesoma barua yangu amesimama. Akaikunja. Akasema kesho dukani tunafungua saa mbili.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekwenda Pipeline. Ghorofa ya sita. Korido ina giza hata saa tano asubuhi, nguo zinaning'inia kutoka mlango hadi mlango, unapita umeinama. Nilisimama mlangoni kwao muda mrefu. Jirani mmoja akaniuliza natafuta nani.

Mama Wambui alifungua. Anajua yote. Akasema karibu. Hakusema mwanangu. Kaka yake Wambui ameachiliwa, alikuwa amelala kwenye kochi, uso ukutani. Tukaongea kwa sauti ya chini tusimwamshe.

Wambui alitengeneza chai ya maziwa. Nilimwomba msamaha kwa yote, moja baada ya jingine, na la kamati nikaliacha la mwisho. Alisikiliza huku anapuliza chai yake.

Akasema, "Siku ile niliposema ni mimi, nilikuwa nakungoja useme si kweli."

Nikasema najua.

"Nilihesabu mpaka kumi, Rukia."

Mama yake akainuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Wambui akasema amenisamehe, na naamini amesamehe, hana tabia ya kusema asichomaanisha. Akasema nisimpigie simu tena. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake dawa ya kunywa. Nikasema sawa. Nikamaliza chai kwa sababu ni vibaya kuiacha.

Zamani nikija kwao alikuwa ananisindikiza mpaka stendi, tunasimama pale nusu saa nyingine tukipiga domo, mpaka mama yake anampigia simu arudi. Leo alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema nishuke pole pole, ngazi zina maji.

Nimeshuka pole pole.