Mwali Aliyesifiwa kwa Ukimya

Nyumbani kwa Alawi bin Matano, Fundi Cherehani,
Mbeya.
12 Agosti 1956

Mpendwa kaka yangu Mrisho,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta na afya, kifua kimekuachia na baridi ya Iringa haikuonei. Sisi huku tunapumua, ila baridi ya Mbeya mwaka huu imepita kiasi. Asubuhi majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga. Mume wangu Alawi anakusalimu. Cherehani yake inakohoa kuliko yeye.

Sasa nikae sawa nikwambie. Umeniuliza mara mbili mwali atatoka lini, na mara zote mbili hukuuliza kama anakula. Hilo nililiona. Unanijua, mimi simezi neno kabla ya kulitafuna.

Ulipomleta binti yako Zuena nimweke ndani, mimi shangazi yake nimfunde, ulinisifia: mtoto mpole, hana maneno. Na kweli. Kainamisha macho, hajibu, hacheki. Wanawake waliokuja kumtazama walisema hawajaona mwali aliyefundika kama huyu, nami kichwa kikanivimba. Kwetu mwali kunyamaza ndiyo adabu yake. Nani angemwuliza mwali kwa nini hasemi?

Aliyeuliza ni Damari, mama wa Kisafwa anayetuletea maziwa kutoka mlimani. Yeye ni Mkristo, mambo ya mwali hayajui. Aliingiza kichwa chumbani, akamtazama Zuena, akaniambia, "Mama, huyu mtoto anaumwa. Kwetu mtoto akikaa hivi, watu hawalali." Tulimcheka. Kisha nikamshuku: kwa nini amkodolee macho mwali wangu? Nikaacha kununua maziwa yake.

Lakini neno lake halikuniacha. Nikaanza kumchungulia Zuena akiwa peke yake. Nikamwona kaelekea ukutani, kaziba masikio kwa viganja, midomo inamtetemeka, na nyumba yenyewe kimya kabisa. Chakula nilichokuwa nampelekea nikakikuta uvunguni, kimeota ukungu.

Basi nikamfunika buibui nikampeleka hospitali. Daktari nilimshuku tangu mlangoni, maana alikuwa mpole mno. Akasema ni maradhi ya akili, huwapata hata watoto wa umri huu, na yakiwahiwa huenda yakatulia. Hospitali ya wagonjwa wa namna hiyo iko mbali, na kwa alivyosema mwenyewe, huko hakuna wodi ya watoto. Zuena atalala na watu wazima. Hapendi kumpeleka. Lakini hataki kubahatisha: anataka kujua kama kuna mtu wa damu yake aliyepata kuugua hivi, na nini kilimsaidia. Nikamwapia kwamba hakuna. Ukoo wetu hauna wazimu, nikasema, tena kwa sauti ili wodi nzima isikie.

Zuena akanishika kanga, hakuiachia mpaka nyumbani. Nilipokuwa namsuka ndipo aliposema, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba yenye kutu: "Shangazi, usimwandikie baba. Akijua nasikia watu wasioonekana, atanipeleka alikompeleka mama."

Nilidhani anaweweseka. Nikambembeleza, akanieleza yote: mkeo Mwanakhamisi akizungumza na ukuta wa jikoni, wewe ukimfungia ndani, kisha gari la serikali, na wewe ukimkataza mtoto asimwambie mtu. Sauti zake mwenyewe zilianza huko huko kwako Ipogolo, akanyamaza usimjue. Alipofika kwangu akapata maficho mazuri zaidi, kwa kuwa sisi tulimsifu.

Kaka, nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Uliniambia mkeo kaenda Kilwa kumuuguza mama yake. Mwaka wa pili huu namtumia salamu, na kila barua unaniletea majibu: Mwanakhamisi anakusalimu, Mwanakhamisi anashukuru kwa kahawa. Kahawa hiyo kanywa nani?

Najua uliogopa maneno ya watu, na binti kukosa mchumba. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe kinamnyemelea Zuena, wala si wewe. Nimemwahidi kwamba hatapandishwa gari lolote ambalo mimi simo. Kwa sasa daktari amemlaza hapa Mbeya, nami nalala sakafuni kando ya kitanda chake. Anakula uji nikimlisha. Damari huja na maziwa, na hataki kusikia habari ya yaliyopita.

Njoo kwa basi la kwanza utakalopata. Usitume mtu, wala usiniambie duka halina wa kuliangalia. Jirani yako Mzee Kalinga atakaa. Uje umwambie daktari kwa kinywa chako mkeo aliugua nini na yuko wapi. Kisha umwambie Zuena kwamba humpeleki kokote. Mimi nimemwambia, ananitazama tu. Anakungoja wewe, naye anakuogopa.

Wasalimie Mzee Kalinga na mkewe, na majirani wote wa Ipogolo. Mungu akupe safari ya salama, na ukifika akupe ulimi.

Nisalimie na Mwanakhamisi. Ila safari hii majibu yake usiniandikie wewe.

Wako akupendaye, ingawa sikuamini,
Dada yako Rukia