Kuitoa Darubini kwenye Uma

Jumanne, 1 Novemba
Sikukuu ya taifa. Bendera kila dirisha, baridi ya Batna imeshaanza kuuma. Magharibi ilipopita mume wangu Azzedine akapanda juu ya paa kwenye darubini yake. Nikampelekea kahawa. Akaniuliza: Kilimia kimeshatoka? Kilikuwa kimetoka kitambo, kile kishada cha nyota – pale juu ya nyumba ya jirani, cheupe pee. Nikamwambia kipo, kushoto kwako. Akageuza uso huko. Kahawa ikapoa.

Jumapili, 6 Novemba
Hospitali. Presha ya macho ilishalimaliza jicho la kulia la Azzedine, hilo tunalijua tangu mwaka juzi. Sasa inalila la kushoto. Daktari anasema wapasue Alhamisi ya tarehe 24, kule Algiers. Anaweza kuamka na hicho alichobakiwa nacho. Anaweza kuamka hana kitu. Alisema hivyo hivyo, huku anaandika!
Nyumbani Azzedine akanywa supu yake ya chorba mpaka mwisho, akapangusa mdomo: "Mama Imène, tuitoe darubini kwenye uma."
Nilidhani nimesikia vibaya. Miaka yote Hocine wa klabu ya nyota anambembeleza. Ule uma wa chuma, mikono miwili imeibana darubini huku na huku, ni mzuri kwa kuchungulia tu. Ukitaka picha za mbinguni darubini itoke, ipande kwenye stendi nyingine inayozunguka pamoja na nyota. Na yeye jibu lake siku zote: picha ni za watu wasio na macho.
Sikumkumbusha.
Anataka picha ya lile wingu la nyota za Jabari. Kwa jicho ni moshi wa kijivu, anasema, wekundu wake hutoka kwenye picha. Anataka auone kwenye televisheni kabla ya kisu.

Ijumaa, 11 Novemba
Hocine alikuja baada ya swala, stendi yake begani, anahema. Tukala kuskusi kwanza. Kisha darubini ikawekwa sebuleni na uma wake, mfuniko wa mbele umefungwa kulinda kioo, na meza pembeni imetandikwa blanketi, tayari kuipokea.
Bolti za mkono wa kushoto zilitoka. Za kulia – wapi! Moja imeshikwa na gundi ya kiwandani. Spana inateleza, kichwa cha bolti kinaanza kulika. Hocine akataka drili.
"Drili karibu na kioo changu?" Azzedine akamjia juu. "Chembe za chuma ziingie ndani? Bora unitoboe mimi."
"Wewe zamu yako tarehe 24, sheikh."
Ulikuwa mzaha. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikwenda kuosha vyombo, na vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumamosi, 12 Novemba
Drayer yangu ya nywele! Nimeipulizia ile bolti mpaka chuma kikawa hakishikiki, gundi ikalainika, imetoka. Azzedine ananiita fundi. Amecheka – mara ya kwanza tangu hospitali.

Jumapili, 13 Novemba
Hocine alilegeza mikono ya uma akaitanua, mimi nikashikilia kitako. Darubini lazima mtu aibebe. Azzedine akasema ni yeye: Nimeibeba miaka yote, leo mnibebee? Akaikumbatia, akaitoa vizuri kabisa, haikugusa chuma hata kidogo. Akageuka kuiweka mezani.
Meza haikuwepo. Hocine alikuwa ameisogeza apate pa kusimama. Hakumwambia. Na mimi nilimwona akiisogeza nikanyamaza – nilisahau kama haoni! Alivyosimama pale, kifua mbele, nilisahau.
Akaiweka hewani.
Ule mlio. Azzedine akapiga magoti akaipapasa: bomba limebonyea, mfuniko upo. Akauliza, kioo kizima? Hocine akaufungua mfuniko kidogo, akachungulia, akanitazama. Ufa, toka ukingo hadi ukingo.
"Kizima," nikasema.
Azzedine akasema alhamdulillahi. Halafu akakaa sakafuni, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata mama yake alipokufa.

Jumatano, 16 Novemba
Mawingu. Hocine ametafuta kioo kingine Algiers, Tunis, kote. Hakuna. Ananong'ona kwenye simu: mwambie wewe, ni mumeo. Nikamjibu, meza uliisogeza wewe. Akakata.
Azzedine amenyoa ndevu. Kila saa ananiuliza anga likoje.

Jumatatu, 21 Novemba
Anga safi! Kesho asubuhi tunasafiri, kwa hiyo ni leo tu. Hocine anasema darubini yenye ufa bado inaona, ila nyota kali zitachuruzika mstari wa mwanga. Labda hatatambua, anasema. Labda! Hiyo ndiyo dua yetu sasa.
Hocine juu ya paa na stendi yake, waya wa kamera umeshuka mpaka sebuleni. Picha ikaja. Jamani ule wekundu – kama mtu kamwaga sharubati ya komamanga! Azzedine akasogea mpaka pua ikakaribia kioo cha televisheni. Anainamisha kichwa, anatafuta kwa ile pembe ya jicho iliyobaki. Nikashindwa kukaa. Nimesingizia kahawa, naandika hapa jikoni.
Ananiita.
Anasema njoo, kuna mstari. Mweupe, unakata katikati.
Anaona! Wiki zote hizi namwomba Mungu aone kitu, na anaona.
Hocine ameshuka, amesimama mlangoni mwa jikoni na koti lake, haendi mbele wala nyuma.
"Mama Imène! Niambie kweli. Huu mstari uko kwenye picha, au ni jicho langu?"
Hocine ananitazama mimi.
Azzedine anauliza tena.