Ukoko wa Aliyetukanwa

Jumatatu, 1 Septemba
Sahani, sufuria, sahani. Madam Peace, msimamizi wetu hapa hotelini, alianza kabla sijafunga kitambaa kichwani. "Wewe, mikono yako iko na usingizi?" Deo, mchoma nyama, akaitwa gunia. Mama Neema, anayepika wali, akaambiwa anatembea kama ng'ombe mwenye mimba. Deo ni Munyankore wa Kaberebere, watu wanaopenda ng'ombe. Akamnong'oneza kwamba kwao hiyo ni sifa. Tulicheka mpaka mchana.

Wali ulipokwisha, Mama Neema alikwangua ukoko chini ya sufuria, akatunga sheria. Kila siku utaliwa na aliyetukanwa vibaya zaidi. Ataupokea kwa mikono miwili, wengine wapige makofi. Leo alijipa mwenyewe.

Jumatano, 3 Septemba
Nimeshinda. "Nyinyi watu ya kambi munajua tu kupanga mustari ya posho." Iliniuma. Kweli iliniuma. Ila ukoko ulikuwa mtamu, umeungua upande mmoja, na makofi yalinifanya nijione bibi harusi.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeomba ruhusa. Jumamosi ijayo tunamaliza matanga ya mume wangu Melkiori kule kambini Nakivale. Mwaka umepita. Kwetu Warundi mjane akikosekana siku hiyo, hakuna kinachomalizika. Atabaki mfiwa, na nyumba itabaki ya kilio.

Madam akajibu mbele ya wateja. "Kwenu watu wanakufa kila wiki? Ukienda, usirudi."

Sikulia. Niliosha tena sahani zilizokuwa safi. Mama Neema akanipa ukoko wote. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu, 8 Septemba
Nitaenda. Nimeamua. Halafu namfikiria Bella, binti yetu, na shule yake hapa Mbarara. Sijaamua. Kazi hii ndiyo tuliyo nayo.

Jumanne, 9 Septemba
Mwenye hoteli amekuja. Supu ilikuwa imepoa. Alimfokea Madam mbele ya wateja wote, akamwita kichwa cha kibuyu, akasema hata wakimbizi wa jikoni wanamzidi akili. Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Madam aliingia jikoni, akanawa mikono isiyo na uchafu. Akanawa muda mrefu. Tulitazama chini. Wali ulikuwa umekwisha. Nikakwangua ukoko, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Sijui nani alinituma.

"Hii nini?"

Deo akajibu huku akitazama nyama yake. "Ni ya mwenye ametukanwa sana, nyabo. Leo umetushinda wote."

"Munafanya hii kila siku? Juu yangu?"

"Siku ingine tunakulaka ukoko mara mbili, Madam," Mama Neema akasema.

Nikasema moyoni, basi, kazi imekwisha. Madam akavunja kipande, akatafuna. Akavunja kingine.

"Chumvi ni kidogo," akasema.

Mama Neema akapiga makofi, polepole. Kisha sisi sote.

Jumatano, 10 Septemba
Asubuhi Deo ameitwa gunia tena. Madam akafika mlangoni, akageuka, akasema, "Deo, nyama ya meza ya pili." Deo alishangaa kuitwa kwa jina lake hadi akaunguza vidole.

Baadaye Madam alisimama karibu na beseni langu. Aliuliza bwana wangu aliitwa nani. Nikamwambia. Akalirudia jina, akalikosea, akalirudia tena.

"Jumamosi enda. Jumatatu saa moja uko hapa."

Hakutabasamu. Mimi nilitabasamu ndani ya beseni.

Ukoko wa leo ameula Deo. Wakati wa mchana alikuwa gunia mara ya pili.

Jumamosi, 13 Septemba
Nakivale. Misa, maharage, pombe ya mtama. Mama Neema, siku yake ya mapumziko, alikuja na kitenge chake kizuri, akala chakula cha watu wawili.

Kila mtu alisema neno juu ya Melkiori. Shemeji zangu walisema alikuwa mchapakazi na mcha Mungu. Ni kweli. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba akigonga kiti gizani alikuwa anakiambia pole.

Watu walicheka, mama mkwe kuliko wote. Nami nilicheka, kwa sauti, na hakuna aliyeniona vibaya.

Matanga yamekwisha. Jioni tulikunja turubai, tukarudisha viti kwa jirani.