Ile Ndiyo Uliyoisema Seneti

Obadia mdogo wangu,

Umekufa kabla sijamaliza kukukasirikia. Hiyo ni adabu gani? Mkubwa ni mimi, wa kutangulia ni mimi, na wewe na suti zako za Seneti ungesimama kaburini uniseme vizuri. Sasa bibi kizee wa darasa la pili ndiye ameshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku amepita kwenye majivu. Vumilia usome.

Nakuandikia ndani ya daftari lako mwenyewe, lile jeusi. Limenifikia Jumamosi. Nikianzia hapo sitafika mwisho, kwa hiyo ngoja kwanza nikuambie ya mazishi.

Mazishi niliyaona kwa simu. Miguu ilikuwa imevimba, daktari akanikataza ndege, basi binti yangu Grace akaiegemeza simu kwenye chupa ya maziwa, hapa mezani Brooklyn Park, Minnesota, theluji imeziba ngazi. Nikaona jeneza. Nikamwona mkeo Rebeka. Halafu nikaona wanawake wa soko letu wanaingia, kila mmoja na sufuria yake. Nikasema afadhali, wamekuja kupika.

Obadia, walizifudikiza. Wakakalia matako ya zile sufuria, wakakupa mgongo. Hakulia hata mmoja. Hata mmoja! Niliipigia simu kelele, "Nyinyi! Hamkuzaliwa na mama?" mpaka mjukuu wangu akaja mbio, akaniambia kwa hicho Kiingereza chake kwamba hawanisikii.

Sababu niliijua. Uchumi ulipoanguka, kiwanda cha sukari kikafungwa, maduka yakafuata moja moja, ndipo mkaletewa huko Seneti mswada wa kupunguza fungu la kaunti. Na wewe ulikuwa umeapa katika soko lile lile kwamba fungu lao haliguswi ukiwa hai. Jina la kaunti yetu likaitwa, ukasimama, ukasema ndiyo. Zahanati ikakosa dawa. Nesi wa uzazi akarudishwa kwao. Sasa wanawake wanashikwa na uchungu juu ya pikipiki.

Video ilitufikia hata chai haijaiva. Hapa kanisani, watu wale waliokula chapati zangu siku ulipoapishwa, walioniita Dada wa Seneta na mimi nikalivaa hilo jina kama kofia, ndio walionizunguka Jumapili ile. "Dada wa Seneta, ndugu yako ametuuza kwa kilo au kwa debe?" Nilitamani ardhi inimeze. Nilipofika nyumbani nikakupigia. Sikukusalimu. Nilisema, "Nani alikutuma? Mjinga wewe, nani alikutuma?"

Ukasema, "Pole, dada."

Nikakata. Miezi minne ulikuwa ukipiga, naitazama simu inalia mpaka inachoka. Siku ilipolia na kuonyesha jina la Rebeka, nikashika. Presha. Ulianguka bafuni.

Sasa daftari. Mama mmoja wa hapa kanisani alikwenda likizo nyumbani, Rebeka akampa aniletee. Limefungwa kwa kitambaa, hakuna barua, hakuna salamu. Rebeka anajua kusoma kuliko mimi, na najua amelisoma. Nikatenga birika motoni, nikalifungua daftari nimesimama, nafuatisha kwa kidole kama mtoto.

Umeandika: "Jumapili. Nimempigia dada. Amesema nikubali. Nitakubali."

Nilisema, "Mwongo!" Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni. Nikasema huyu marehemu ananisingizia. Kisha nikakumbuka wali.

Tulikuwa ndani ya gari, tumechelewa kanisani, Grace anaendesha na kugombana na barabara, mimi nimepakata sufuria ya wali wa nazi, imejaa, inaniunguza mapaja. Ukapiga. Ukasema, "Dada, wakubwa wa chama wanataka nikubali. Nyumbani wanataka nikatae. Wewe unasemaje?" Hata sikukuuliza kukubali nini. Nikakuambia, "Kiti cha kuazimwa hakikaliwi kwa kujinyoosha. Waliokupa kiti wakisema kubali, kubali, ukae, usitutie aibu. Hata huku kazi zimepungua, kila mtu anajibana. Haya, nitakupigia." Sikupiga. Tulifika, wakausifu wali wangu, nikasahau.

Yaani niliwaambia watu wa nyumbani wajibane, na mimi nimepakata sufuria imejaa.

Birika lilikauka likaanza kunuka, sikulisikia. Grace alirudi kutoka shifti akanikuta nimekaa sakafuni. Akadhani ni kiharusi.

Wewe mtu mzima, seneta mzima, wasomi wamekuzunguka na miwani yao, unampigia simu mwanamke asiyejua mswada ni nini? Lakini ningekusema nini? Kwetu jambo halikatwi kabla mkubwa hajaulizwa, hata kuuza jogoo. Usingeniuliza, ningekununia mwaka. Mimi ndiye niliyekufunza hivyo, kwa fimbo. Na kila ulipouliza, nilijibu. Sikuwahi hata siku moja kukuambia sijui. Hilo neno lilikuwa linanishinda kulitamka.

Nikafungua ukurasa mwingine. Ni siku niliyokutukana. "Dada ananiuliza nani alinituma. Amesahau. Sitamkumbusha. Amenibeba vya kutosha."

Obadia.

Ule mto wakati wa mvua. Ulikuwa mzito, una kichwa kama mtungi, unanishika masikio kama mpini. Nakuvusha mpaka mlango wa darasa, kisha nakaa nje chini ya dirisha nakusubiri, kwa sababu karo ilikuwa ya mmoja. Sikuwahi kukudai mgongo wangu. Nani alikuambia unirudishie namna hii? Wakakuita msaliti, wakaandika ukutani kwako, ungesema tu, "Muulizeni dada yangu kule Minnesota." Maneno matano! Ukayameza yakakuua.

Sasa sikia. Rebeka ametaja siku ya kumaliza matanga, na hakuna mwanamke aliyejibu kwamba atakuja. Akienda kuchota maji wanangoja aondoke ndipo wasogee. Anayachukua yako, na yako ni yangu. Nimemwambia Grace akate tiketi. Ananiambia miguu, ananiambia daktari. Nimemwambia daktari hakupewa wadogo zangu awatunze.

Nitaanzia sokoni, siku ya gulio, kabla ya kukanyaga nyumbani. Nitakwenda na daftari hili na sufuria. Nitaifudikiza katikati yao nikae juu yake, niwaambie aliyesema kubali ni mimi. Watanitukana. Wewe unajua mdomo wangu, hakuna aliyewahi kunitukana akaondoka na la kwake. Siku hiyo sitajibu. Wakisema yote mpaka jua lizame, nitakaa. Wakitaka kuja kwa Rebeka waje, wasipotaka, kosa litakuwa limepata mwenyewe.

Nimeacha kurasa mbili mwishoni. Moja nitamwomba Rebeka aniandikie yote anayotaka kuniambia, kwa sababu alikuwa na haki ya kunitukana na hakunitukana. Nyingine ni yako, sijui utaijazaje.

Lala sasa. Lala upande wa kulia, wa kushoto ulikuwa unakupa ndoto mbaya. Tangu nizaliwe sijamwambia aliyenifuata kwa kuzaliwa neno hili, na nimelirudia jikoni tangu asubuhi nisije nikalikosea.

Pole, mdogo wangu.

Dada yako