Nyumba ya Kichwa Kimoja

Madras, 3 Mei 1993

Mdogo wangu Visalam,

Basi nilipoishia juzi ndiyo lori la boza la maji limeingia, nikakimbia, barua nikaifunga vilevile, usininunie. Nilikuwa nakupa habari za Maragatham, jirani yangu wa mkono wa kushoto. Enhe. Kaka yake alikuja na mkewe na watoto, wameleta mtoto mmoja kwa daktari wa macho. Kaka wa tumbo moja, Visalam, si mpita njia! Kesho yake tunafika kwenye foleni, mitungi ya Maragatham haipo. Iko mtaroni, mmoja umepasuliwa. Akauliza, "Nani kafanya hivi?" Wanawake walewale waliokula wali wa harusi ya binti yake, kila mtu anatazama vidole vya miguu yake. Akauliza tena. Mmoja akamjibu, "Kamuulize kaka yako, si ndiye anayekunywa maji ya watoto wetu?" Jioni takataka za mtaa mzima zimemwagwa mlangoni kwake. Sasa kahama, nyumba imefungwa. Nikipita pale naharakisha kama napita makaburini.

Loo, salamu nimezisahau! Hujambo? Shemeji kifua kimepoa? Mimi mzima, goti tu, nalo limezoea.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ni Sabesan, yule mstaafu wa reli, unamkumbuka, anatembea kama anakagua mabehewa. Kapita na chaki, kila lango kaandika idadi ya vichwa. Langu kaandika 1. Maji unapewa kwa vichwa, na mgeni ni marufuku mpaka mvua. Ukimwaga maji barabarani unaitwa mbele ya watu kama mwizi. Idli zangu za kuuza, vile vitumbua vya mchele, nimeacha kupika, mchele utauosha kwa mate? Wateja wananiuliza, "Mama Poongodi, umeanza mfungo?" Nawaambia ndiyo, mfungo wa boza.

Na mkewe huyo Sabesan, Alamelu, salamu yake lazima uiokote chini. Hata kiangazi hiki, maji yake ya kunywa mpaka ayatie ile mizizi ya kunukia kwenye mtungi wa udongo. Mtaa mzima kabaki yeye tu. Sisi tunakunywa kutu na tunasema asante. Malkia!

Sasa lililonikalisha chini. Mwambie mwanangu Poongodi asije. Najua, mimba ya kwanza huja kuzaliwa kwa mama, nani asiyejua. Lakini wewe uko huko Bombay karibu naye, wewe ni mama yake mdogo, mkalishe kwako. Namwogopa mama mkwe wake, ila huu mtaa nauogopa zaidi. Visalam, watu hawa nimekaa nao tangu nimeolewa, na sasa nikisikia hatua zao nje nanyamaza. Mimi, kunyamaza!

Naenda, narudi.

Dada yako,
Kuppammal


Bombay, 11 Mei 1993

Dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, shemeji yako anakohoa lakini anakula. Goti lipake mafuta ya ufuta, usilidharau.

Barua nilimsomea Poongodi, nikaruka pale pa "asije". Akaninyang'anya akasoma mwenyewe. Hakulia. Alikunja karatasi akasema, "Kwa hiyo sina kwetu." Dada, bora angelia.

Kwangu nisingekataa, lakini mama mkwe hasikii. Anasema wazi mbele za watu, "Kwao hawana hata kata ya maji ya kumwogeshea mjukuu? Tumeoa jangwani?" Anasema asipochukuliwa na mama yake sasa, hata baada ya kuzaa asiende tena. Na nyumba yao iko ghorofa ya nne, ngazi hizo anapanda na ndoo, miguu imevimba hata viatu haviingii. Mkunga wa huku alipomtazama hakusema neno, na mimi mkunga akikosa neno naogopa.

Nimemkatia tiketi. Anafika tarehe ishirini na mbili.

Nisikilize vizuri. Mwingize mchana wa jua kali, watu wamelala. Riksho iishie kwenye kona. Asikae barazani. Na usimzungushie maji mekundu mlangoni! Najua mtu akitoka safari huzungushiwa, yakamwagwa nje yaondoke na husuda, na mwenye mimba ndiyo zaidi, lakini mwaka huu Mungu ataelewa. Mtu akiona doa lile barabarani si atajua umepata mgeni?

Na mdomo wako, dada. Ufunge kamba.

Mdogo wako,
Visalam


Madras, 25 Mei 1993

Mdogo wangu,

Kafika. Hajambo, anakusalimu sana, anasema chapati zako zilimshibisha mpaka nusu ya njia. Nawe u hali gani? Mimi, usiniulize.

Kila kitu nilikifuata. Jua la kuchoma, mtaa kama umekufa, hata mbwa wamejificha. Akaja pole pole na begi lake, kajifunika ushungi wa sari. Mdomo wangu nilikuwa nimeufunga siku zote zile, nusura nipasuke. Akafika kizingitini, akaushusha ushungi. Visalam, tumbo lile! Na uso umekonda. Nikafikiria treni nzima, watu wangapi wamelitazama tumbo lile, macho mangapi, wengine hawajazaa. Nikamwambia, "Simama hapohapo, usiingie."

"Mama, mama mdogo amesema..."

"Mama mdogo ndiye kakuzaa?"

Maji nusu kikombe tu, nakuapia. Manjano, chokaa kidogo, yakageuka damu. Nikamzungushia mara tatu. Nikasema nitayamwaga shimoni chooni. Halafu nikajiuliza, husuda imeshatoka kwa mtoto, niifungie ndani tulale nayo? Nikafungua lango kidogo, nikayamwaga pembeni, karibu na ukuta. Kidogo! Lakini mtaa huu haujaona tone chini tangu lini? Vumbi jeupe, halafu doa jekundu katikati kama mtu kachinja mbuzi. Nikafukia kwa mguu, likazidi kutanuka.

Alasiri nasikia mwavuli unagonga lango. Sabesan.

"Mama Poongodi. Nini hiki?"

"Rangi, mwenyekiti."

"Rangi ya nini?"

"Ya... kucha."

Akaitazama miguu yangu hii, yenye nyufa. Akasema, "Maji ni maji, mama, hata yakitiwa rangi. Nani kaja?"

"Hakuna aliyekuja."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisimama tu pale, na Poongodi mle ndani kaziba mdomo kwa mkono asikohoe. Halafu akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, ile 1 ya langoni imekwanguliwa. Si kufutwa, kukwanguliwa, na kisu au msumari, mpaka mbao imeonekana. Mtungi wangu nikaukuta mtaroni. Hawakuupasua, nao uzima wake unanitisha kuliko ufa, maana mtu kaniambia bado, subiri. Nikauliza, "Jamani, nani?" Nikasikia sauti yangu imefanana na ya Maragatham. Wote wakatazama vidole vya miguu.

Sasa nanunua kwa mwenye mkokoteni, mbali kule barabara kuu. Ndoo naificha kwenye kapu la nguo chafu, natembea kwa pembeni kama kaa. Ni maji ya nani, yametoka wapi, siulizi. Poongodi anakunywa kwa kulowesha midomo. Nikimwambia kunywa anasema keshakunywa. Muongo kama mama yake.

Jana jiwe limegonga bati. Labda mtoto. Labda embe, ingawa hatuna mwembe.

Dada yako,
Kuppammal


Bombay, 2 Juni 1993

Dada,

Salamu nyingi. Nimeisoma nikakaa chini jikoni, mboga ikaungua. Nusu kikombe! Nilikuomba nini mimi? Lakini yameshamwagika, sikugombezi, na mimi labda ningemwaga.

Asinyimwe maji, dada. Mkunga nimemuuliza tena, akasema mwenye miguu ile akikauka mwili ni hatari, kichwa kikimuuma asilale bila mtu. Uza bangili yangu niliyoiacha kwako, nunua ya kunywa.

Niandikie hata mstari mmoja. Kila postamani akipita mlango wangu bila kusimama, namkimbilia kumuuliza tena.

Mdogo wako,
Visalam


Madras, 8 Juni 1993

Mdogo wangu kipenzi,

Hujambo? Shemeji je? Sisi wazima, na hilo "wazima" nimeliandika kwa mshangao, ngoja nikupe.

Alfajiri moja nafungua mlango nifagie, nakuta mtungi. Ndani ya lango, umefunikwa kwa bakuli, umejaa mpaka shingoni. Hakuna mtu. Visalam, hata ningekuta chatu nisingeruka nyuma vile. Mtaa uliokwangua lango langu, unipe maji? Ya nini? Nikajua tu, wametia kitu. Nikauingiza ndani usionekane, nikauweka pembeni ya jiko, nikamwambia Poongodi, "Usiguse. Ukigusa nakufa mimi kwanza."

Kesho yake, mwingine. Tukakaa na mitungi miwili imejaa, koo zimekauka, tunaitazama kama maiti wa watu.

Siku hiyo mwenye mkokoteni hakuja. Jua lilikuwa la kupika yai sakafuni. Nikajilaza kidogo, nikashtuka kwa mlio wa kata. Namwona kainua kichwa, anakunywa, glu glu glu, yanamtiririka shingoni. Nilipiga yowe mpaka kunguru wakaruka. Nikamtia vidole mdomoni atapike. Akaning'ata! Akasema, "Mama, niache. Onja kwanza."

"Nionje sumu?"

"Onja."

Nikachovya kidole. Nikachovya tena, nikachota kata nzima. Baridi, Visalam, na nyuma ya baridi kuna ile harufu ya mizizi, harufu ya mvua ya kwanza.

Mtaa mzima nani anatia mizizi kwenye maji?

Alamelu. Malkia wangu. Mwanamke ambaye salamu yake ni ya kuokota, anamwibia mumewe mwenyekiti maji ya ndani, anavuka barabara alfajiri na mtungi kiunoni, na kama angeonwa hata na mtu mmoja! Wamefuta vichwa vya watu kwa kosa dogo kuliko hilo. Tangu siku ile naurudisha mtungi mtupu palepale, nakuta umebadilishwa. Hatujasemezana. Jana tulikutana dukani, akanipita kama kawaida, pua juu. Nami nikamlaani kimoyomoyo kama kawaida, watu wasishtuke.

Yaani mimi nina habari kubwa kuliko zote za maisha yangu na siwezi kumwambia mtu. Nimekwambia wewe. Ichome barua hii. Sabesan akijua, sithubutu kufikiria atamfanya nini mkewe.

Dada yako,
Kuppammal


Bombay, 13 Juni 1993

Dada yangu,

Nimeichoma. Shemeji yako kauliza nachoma nini, nikamwambia hesabu ya sabuni.

Huku mvua imeanza. Naona aibu kukuandikia, inagonga bati hapa kichwani na mimi nalia kama mjinga. Nikusanyie kwenye bahasha?

Mwambie Poongodi asiogope. Na wewe usiogope, ingawa mimi naogopa.

Mdogo wako,
Visalam


Madras, 18 Juni 1993

Mdogo wangu,

Barua imefika, bahasha nimeinusa, haina mvua. Salamu kwa wote, leo nafupisha.

Uchungu umemwanza tangu alfajiri. Mkunga yuko ndani naye, mimi kanitoa, anasema nikiongea mtoto atageuka arudi. Nimekaa kwenye kizingiti nakuandikia, maana kukaa bure siwezi.

Visalam, mtungi haujaja. Wala jana haukuja. Mlango wa Alamelu umefungwa. Juzi jioni nilisikia Sabesan anafoka mle ndani, kitu kikaanguka kikavunjika, udongo, nikaujua mlio, halafu kimya, na kimya hicho bado kipo. Kajua. Mimi nimemponza yule mama kwa nusu kikombe cha maji mekundu.

Mkunga kauliza maji yako wapi. Nimemwonyesha tuliyonayo, ndoo haijafika nusu. Akanitazama. Akasema, "Haya ya kunawa mimi, au ya mtoto, au ya mama? Chagua." Nimetoka mpaka barabarani, nikaita jina moja moja, "Mama Selvi! Mama Dhanam!" Mapazia yanatikisika, mlango haufunguki. Boza si siku yake. Mwenye mkokoteni sijui yuko wapi. Poongodi ananiita, sauti imekuwa ya utotoni, ile ya kuota vibaya, na mimi nimezuiwa kuingia. Kama atapungukiwa na damu, kama miguu ile

Lango linagongwa. Kwa nguvu.

"Mama Poongodi! Toka!"

Ni yeye. Sabesan. Sauti ileile ya kwenye foleni. Sasa hivi, Visalam, na mwanangu kalala vile! Sifungui. Atavunja basi.

Nimechungulia kwenye ufa.

Kabeba mtungi. Kabeba begani, vibaya, kama mtu ambaye hajabeba mtungi tangu azaliwe, maji yanamchuruzika shuka lote jeupe mpaka miguuni, na nyuma yake barabara imelowa mstari mzima kutoka kwake mpaka kwangu. Mchana kweupe. Mapazia yote yanatazama. Na kule barazani kwake Alamelu anatoka na mwingine kiunoni.

Anapiga lango teke. "We mama, leo ndiyo umekosa masikio? Fungua, yanamwagika!"

Naenda, narudi